Kupimwa Presha Msikitini na Kanisani: Mambo ya Kuzingatia Kabla na Baada ya Kipimo

Siku ya Ijumaa baada ya swala, au Jumapili baada ya ibada, si ajabu tena kukuta meza imewekwa kwenye baraza la ukumbi, mhudumu ameketi na mashine ya presha, na waumini wamepanga foleni huku wakisalimiana. Huduma hiyo mara nyingi hutolewa bure. Hufanyika mahali panapoaminika, na huwafikia watu ambao pengine wasingekwenda zahanati mpaka wazidiwe.

Tumfikirie mama mmoja aliyemo katika foleni hiyo. Ana miaka 55, hana maumivu yoyote, na amesimama pale kwa kuwa mwenziwe wa kwaya amemshika mkono. Kijana anayepima anamwambia, "Mama, presha yako ni 172 kwa 104. Nenda hospitali ukaangaliwe." Mama anajibu, "Nimesikia mwanangu, Mungu akubariki," kisha anarudi nyumbani kupika. Hakupewa karatasi, hakutajiwa kituo wala siku, na hakuna aliyemuuliza wiki iliyofuata kama alikwenda. Mwaka unaofuata meza inawekwa tena na mama anapimwa tena. Mfano huu tumeutunga, lakini tunaamini kuwa kila msomaji anamfahamu mama wa namna hii.

Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili yake, kwa ajili ya wanawe, na kwa ajili ya viongozi wa dini wanaokaribisha huduma hizi. Hatukusudii kuwavunja moyo wanaojitolea. Tunalotaka msomaji alifahamu ni kwamba kupimwa ni mwanzo wa huduma, wala si huduma yenyewe. Programu ya nyumba ya ibada huwa na manufaa kwa kadiri inavyomfikisha muumini kwenye tiba na kumsaidia adumu nayo.

Maradhi yasiyobisha hodi

Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Kipimo chake huandikwa kwa namba mbili. Namba ya juu huonyesha msukumo wakati moyo unaposinyaa na kuitoa damu. Namba ya chini huonyesha msukumo uliobaki wakati moyo unapolegea kati ya pigo moja na jingine. Mtu mzima ambaye vipimo vyake, vilivyochukuliwa kwa utaratibu sahihi katika siku tofauti, ni 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, huhesabiwa kuwa ana shinikizo la juu la damu.

Hatari ya maradhi haya ni ukimya wake. Wengi hawasikii kichwa kuuma wala moyo kwenda mbio. Mishipa huendelea kuumia polepole kwa miaka, mpaka siku ya kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi, au figo kuharibika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na tatizo hili, na kwamba karibu nusu yao hawakujua. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya kila wanne alikuwa na presha ya juu. Kwa hiyo, katika safu moja ya waumini watu wazima wanane, si ajabu wawili wakawa nayo, na pengine mmoja wao hana habari.

Nguvu ya imani, na pande zake mbili

Wataalamu wa afya hupenda kupitia nyumba za ibada kwa sababu zinazoeleweka. Watu hukusanyika hapo kila wiki bila kuitwa na serikali. Wanafahamiana kwa majina, na asiyeonekana wiki mbili huulizwa. Neno la sheikh, padri au mchungaji husikilizwa hata na yule asiyesoma mabango ya afya.

Mkoani Mwanza jambo hili lilipimwa kwa utafiti. Katika vijiji vinane, viongozi wa makanisa walipewa mafunzo kuhusu tohara ya wanaume, yakiwa na maelezo ya kitabibu pamoja na ya kidini, wakati ambapo kampeni ya kawaida ya tohara ilikuwa ikiendelea. Vijiji vingine vinane vilipata kampeni hiyo bila mafunzo kwa viongozi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa katika vijiji vya kundi la kwanza takriban asilimia 53 ya wanaume walitahiriwa, na katika vile vya kundi la pili takriban asilimia 30. Huduma ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni viongozi wa dini kuielewa na kuizungumzia.

Hata hivyo, nguvu hiyo hiyo inaweza kumwondoa mgonjwa kwenye tiba. Wasomaji wengi wanakumbuka mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipomiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kilichotolewa kwa shilingi 500 na mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana kama Babu. Msururu wa magari ulienea kilomita nyingi. Wamo wagonjwa walioondoka vitandani hospitalini ili wawahi foleni, na wamo walioacha dawa walizokuwa wakitumia kila siku. Hatulitaji tukio hili kwa kejeli. Waliokwenda walikuwa wakitafuta uzima, kama kila mgonjwa. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi imani inavyoweza kuwahamisha watu kwa kasi ambayo hakuna tangazo la serikali liliwahi kuifikia. Kinachoamua faida au hasara ni mahali wanakopelekwa.

Utafiti umeonyesha nini

Jijini New York, nchini Marekani, makanisa 32 yenye waumini weusi yalishiriki katika jaribio lililohusisha watu 373 wenye presha isiyodhibitiwa. Katika baadhi ya makanisa, waumini waliopewa mafunzo waliongoza vikao vya kila wiki vya kubadili mwenendo wa maisha, vikifuatiwa na mazungumzo ya kila mwezi ya kumtia moyo mshiriki. Makanisa mengine yalipata kikao kimoja cha maelezo kuhusu presha pamoja na mihadhara ya wataalamu kuhusu mambo mengine ya afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka katika makundi yote mawili, lakini katika kundi la kwanza ilishuka kwa takriban 6 zaidi. Kufikia mwezi wa tisa tofauti ilibaki karibu 5, ila haikuweza tena kuthibitishwa kitakwimu.

Namba 6 yaweza kuonekana ndogo. Si ndogo. Uchambuzi wa majaribio 48 ya dawa za presha, yaliyohusisha watu zaidi ya 344,000 na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kushusha namba ya juu kwa 5 tu hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 10.

Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka huohuo wa 2018, halikufanyika kanisani bali katika vinyozi 52 vya jiji la Los Angeles. Tunalieleza kwa sababu linatoa funzo kwa kila anayepeleka huduma za afya mahali watu wanapokutana. Wanaume 319 weusi wenye presha ya juu walishiriki. Katika baadhi ya vinyozi, kinyozi alimshauri mteja wake akamwone daktari na abadili mwenendo. Katika vingine, mfamasia alifika palepale, akapima, akaandika dawa kwa makubaliano na daktari wa mteja, na akarudi kufuatilia. Baada ya miezi sita, namba ya juu ilishuka kwa takriban 9 kwa waliopewa ushauri, na kwa 27 kwa waliofikiwa na mfamasia.

Ukiyasoma majaribio haya mawili kwa pamoja, funzo lake ni wazi. Mafundisho na kutiana moyo vinasaidia. Lakini pale ambapo mtu anafikishiwa dawa anazozihitaji na kufuatiliwa na mtaalamu, faida huwa kubwa zaidi. Programu ya kanisa au msikiti isiyo na uhusiano wowote na kituo cha tiba imeishia katikati ya safari.

Kipimo kilicho sahihi

Kipimo kibaya humtia hofu mtu mzima wa afya, au humfariji mgonjwa. Kabla hujanyoosha mkono, hakikisha mambo yafuatayo:

1. Umekaa na kutulia kwa dakika tano. Aliyetoka kucheza kwaya au kupanda ngazi apumzike kwanza.
2. Katika nusu saa iliyopita hukunywa kahawa, hukuvuta sigara wala kufanya mazoezi. Kama una haja ndogo, nenda msalani kwanza.
3. Mgongo umeegemea kiti, miguu imekanyaga chini bila kukunjwa, na mkono umewekwa juu ya meza kwa usawa wa moyo.
4. Mkanda wa mashine umefungwa juu ya ngozi, si juu ya shati, kanzu au baibui, na ukubwa wake unalingana na mkono wako. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Wanawake wanaostahi kufunua mkono hadharani wana haki ya kutengewa pazia na kupimwa na mwanamke.
5. Wewe na anayekupima hamzungumzi wakati mashine inafanya kazi.
6. Umepimwa angalau mara mbili, kwa kupisha dakika moja au mbili.

Kwa upande wa vifaa, mashine inayofungwa mkono wa juu hutegemewa zaidi kuliko ile ya kifundo cha mkono. Waandaaji wanapaswa kutumia aina iliyothibitishwa usahihi wake. Muulize anayepima mashine hiyo ilihakikiwa lini. Swali hilo si utovu wa adabu, na mhudumu mwenye kujua kazi yake atalijibu.

Baada ya kipimo

Kipimo kimoja cha juu kidogo, chini ya mwembe na kelele za watoto, hakitoshi kukuita mgonjwa. Kinatosha kukupeleka zahanati. Ikiwa namba yako ya juu ni kati ya 140 na 159, au ya chini ni kati ya 90 na 99, nenda ukapimwe tena katika wiki chache zijazo. Ikiwa ni 160 hadi 179 kwa namba ya juu, au 100 hadi 109 kwa ya chini, usipitishe siku nyingi. Ikiwa ni 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 110 au zaidi kwa ya chini, hata baada ya kupumzika na kurudia, nenda siku hiyohiyo.

Kama kuna maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa, au macho kufifia ghafla pamoja na kichwa kuuma sana, huo ni wakati wa kukimbizwa hospitali. Maombi yafanyike njiani, ndani ya gari.

Usiondoke mezani mikono mitupu. Dai karatasi yenye tarehe, namba zako zote mbili, jina la kituo unachoelekezwa, na siku ya kwenda. Programu iliyopangwa vyema humpa pia mtu mmoja wa jumuiya jukumu la kukuuliza, kwa faragha, kama ulikwenda.

Tunasema kwa faragha kwa makusudi. Habari za afya ni taarifa nyeti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Majina na vipimo havisomwi mbele ya waumini, hata kama nia ni kuwaombea. Daftari la vipimo halikai wazi mezani. Kabla ya kuandikwa, uelezwe nani atalisoma na kwa sababu gani, nawe ukubali.

Dawa, dua na mfungo

Hakuna mgongano kati ya kumwomba Mungu na kumeza kidonge. Mgongano huletwa na mtu anayekuambia uchague kimoja. Dawa za presha hushusha presha kwa muda zinapotumika. Kwa wagonjwa wengi haziondoi maradhi moja kwa moja. Hivyo mtu aliyepimwa akakutwa na 128 kwa 80 baada ya miezi mitatu ya dawa hajapata ushahidi kwamba amepona. Amepata ushahidi kwamba dawa zinafanya kazi. Akiziacha siku ya ushuhuda, presha hupanda tena kimyakimya, naye hatasikia chochote mpaka iwe shida.

Kama dawa inakusumbua, kwa mfano amlodipini ikivimbisha vifundo vya miguu, mwambie daktari au mfamasia akubadilishie. Usimpe jirani yako wa jumuiya vidonge vyako, wala usipokee vyake. Zipo dawa za presha zinazoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na zipo zisizomfaa mwenye figo dhaifu. Kumbuka pia kuwa dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wengi hununua kwa ajili ya magoti na mgongo, huweza kupandisha presha.

Kuhusu mfungo, mwenye presha anayekusudia kufunga Ramadhani au kufunga wakati wa Kwaresima amwone daktari wiki kadhaa kabla. Dawa nyingi za mara moja kwa siku huweza kuhamishiwa wakati wa futari au daku, lakini dawa zinazokojoza huhitaji uangalifu kwa sababu ya upungufu wa maji mchana. Asijipangie mwenyewe, na asiziache. Viongozi wa dini wanafahamu nafasi aliyopewa mgonjwa katika dini zao. Wakilisema hilo wazi mimbarini, humwondolea mgonjwa aibu ya kula mchana.

Biashara inapoingia uani

Katika baadhi ya huduma za kupima, meza ya pili huwekwa kando ya ile ya kwanza. Ya kwanza hupima bure. Ya pili huuza unga, maji, mafuta au virutubisho vinavyodaiwa kuponya presha, kisukari na maradhi mengine kwa pamoja. Muumini aliyetoka kuambiwa kuwa namba yake ni mbaya huwa na hofu, na mwenye hofu hanunui kwa utulivu.

Tunakushauri usinunue kitu hapo kwa hapo. Uliza kama bidhaa imesajiliwa na namba yake ya usajili ni ipi. Mashaka yako yaongezeke unaposikia maneno "inaponya kabisa", "haina madhara yoyote" au "acha dawa za hospitali". Dawa za presha zinunuliwe mahali penye kibali, kwa cheti cha daktari, wala si kwenye hema. Kitunguu saumu na choya ni vyakula vizuri, lakini havichukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa. Ukiamua kutumia dawa ya asili, mwambie daktari wako bila kuogopa kukemewa.

Viongozi wa dini nao tunawaomba jambo moja. Kabla ya kumruhusu mtu yeyote kupima waumini, ulizeni analipwa na nani na anauza nini. Waumini huchukulia kuwa kilichoruhusiwa uani kimekubaliwa na mwenye nyumba.

Sufuria ya jumuiya

Kuna jambo ambalo nyumba ya ibada inaweza kulifanya vizuri kuliko hospitali, nalo ni kubadili chakula kinacholiwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja kidogo cha chai, ikiwa imejumlishwa ile iliyomo katika mkate, ng'onda, achari na viungo vya mchemraba. Mama mmoja akipunguza chumvi peke yake, familia itanung'unika. Kamati ya akina mama au waandaaji wa futari wakikubaliana kupunguza kidogo kidogo, na kutumia ndimu, tangawizi na kitunguu badala yake, ladha huzoeleka kwa wote.

Maswali matano ya kuuliza

Kabla ya kujiunga na programu yoyote, au kuialika katika msikiti au kanisa lenu, ulizeni: Nani anapima, na amefundishwa na nani? Mashine ni ya aina gani, na imehakikiwa lini? Mwenye presha ya juu atapelekwa kituo gani, na kituo hicho kinafahamu? Nani atamfuatilia, na kumbukumbu zake zitatunzwaje? Je, kuna kitu kinachouzwa? Waandaaji wakishindwa kulijibu swali la tatu, waombwe kuahirisha mpaka walipatie jibu.

Turudi kwa yule mama. Mara hii anapimwa mara mbili, akiwa ameketi na kutulia. Anapewa karatasi yenye jina la zahanati na siku ya Jumanne. Mwenziwe wa kwaya anamwambia, "Jumanne na mimi nina safari ya huko, dada, tutakwenda wote." Hilo ni jambo dogo, halihitaji fedha nyingi wala mashine mpya. Lakini ndilo linalomfikisha mbele ya daktari mapema, wakati presha yake bado haijamletea madhara.